Vyungu vya Mama Wambui

Siku yangu ya kwanza kazini nilionyeshwa vyungu arubaini na kuambiwa nisiguse hata kimoja. Hoteli ile ya Eldoret ilikuwa na ua wa saruji, kwa hiyo maua yote yaliishi vyunguni, na vyungu vyote vilikuwa chini ya msimamizi wa bustani, Mama Wambui.

"Kwanza angalia tu," aliniambia. "Hiyo mikono yako bado ni ya shamba ya mahindi."

Kazi yote nilijifunza kwake. Chungu kisichotobolewa chini huozesha mizizi. Udongo wa shamba peke yake hushikana kama tofali, basi tuliuchanganya na mchanga wa mto na mboji, yaani samadi na majani yaliyooza. Jerania tulizikata ncha ili zitoe matawi, zisirefuke ovyo. Kila Jumatatu tulivigeuza vyungu kidogo, mimea isiinamie upande wa jua. Lakini alilosisitiza zaidi ni maji. Mti wa ardhini hutuma mizizi mbali, alisema, wa chungu humngoja mtu. Niliingia kama kibarua, nikapanda kuwa msaidizi wake, na kwa miaka sita hakunificha kitu.

Kisha zikaja fujo za baada ya uchaguzi, wenyeji wakiwafukuza waliohamia kutoka sehemu nyingine. Mimi ni mwenyeji, kwetu ni Kaptagat. Watu wa Mama Wambui walitoka Kenya ya kati, na nyumba yake ilikuwa Yamumbi, pembeni mwa mji. Ilichomwa. Alikimbilia uwanja wa kanisa moja, mwendo wa dakika kumi kutoka hotelini, akanipigia simu.

"Kiprop, uko salama?"

"Niko, Mama."

"Hizo maua usiache zikauke, jua ya January ni kali. Na kuna blanketi yangu hapo stoo, niletee ukipata nafasi. Huku tunalala nje na kuna baridi sana."

"Nitaleta, Mama."

Sikupeleka. Vijana wa kwetu walioweka vizuizi barabarani walinijua kwa jina, na kila asubuhi walinipisha niende kazini. Niliogopa wakiniona nimebeba blanketi kuelekea kanisani wangeniita msaliti. Hiyo ndiyo sababu yangu, na nikiiandika naona ilivyo ndogo, maana hakuna aliyewahi kunitisha. Kopo la kumwagilia lilikuwa kwenye stoo hiyo hiyo, rafu ya chini ya blanketi. Kila asubuhi nilichukua kopo, blanketi nikaliacha. Vyungu nilivitunza kuliko wakati mwingine wowote, huku nikijidanganya kwamba ndivyo ninavyomtumikia.

Alikuja baada ya wiki tano kuchukua vitu vyake ahamie kwa dada yake Nakuru. Alikuwa amekonda na anakohoa. Alinikuta uani nikimwagilia.

"Nilikungoja," alisema.

"Kifunguo ya stoo ilipotea, Mama."

Aliliangalia kopo mkononi mwangu, kisha mlango wa stoo uliokuwa wazi. Hakunigombeza.

"Maua imekaa vizuri," alisema.

Aliingia, akatoka na blanketi kwapani, akaenda zake. Nilitamani sana anitukane.

Wiki hiyo meneja alinipa cheo cha Mama Wambui, nikakishika hadi nilipostaafu. Nimewafundisha vijana wengi kazi hii, na kila walipouliza nani alinifundisha, nilijibu kwamba ni uzoefu tu. Leo nasema ni Mama Wambui. Nina aibu kwamba nimechelewa hivi, na sijui kama yuko hai asikie.

Siku ya kuniaga, meneja mpya alisoma faili yangu mbele ya wafanyakazi wote. Alisema kwamba wakati wa fujo, mji ukiwa umefungwa, mimi sikukosa kumwagilia maua hata siku moja. Watu walipiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nilisimama nikashukuru.