Inchi Mbili za Fundi wa Nyamasaria

Mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia nyumbani kwetu, mama aliinua kitanda kwa matofali. Tofali moja kila mguu, maji yakafika. Mawili, yakafika. Baba akaweka manne, tukalala pakavu, lakini aliyegeuka alitutikisa wote na mama akawa analala ameshika ukuta. Sijui kwa nini naanza na kitanda nikiwa na habari ya kifo. Labda ni kwa sababu tangu Jumanne nilipopata habari hiyo siwezi kuketi, hata haya naandika nikiwa nimesimama. Amekufa, baada ya kuugua siku chache, yule fundi wa springi wa Nyamasaria aliyekuwa akiinua pikapu kando ya barabara ya Nairobi. Hakuwa rafiki yangu. Lakini kuna jambo kati yetu halikuisha.

Pikapu yangu husukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Nabebea samaki kutoka ufuo wa Luanda Kotieno, na mvua ikinyesha tumbo lake hulala kwenye tope, barafu inayeyuka tukiangalia. Mwaka jana nikamwomba aniinulie inchi nne.

"Hii gari unabeba nini, Mzee?"

"Samaki."

"Basi ilete na samaki. Mimi sipimi gari tupu."

Nani ataacha samaki waoze akipimiwa springi? Akawaita kina mama waliokuwa wakikaanga samaki hapo kando, wapande nyuma.

"Kwani sisi ni magunia?" mmoja akauliza.

"Gunia haiongei hivyo, Mama. Panda."

Wakapanda sita, mmoja na sufuria yake. Fundi akalala chini na kamba yake yenye mafundo, akapima, akatoka. "Inchi mbili. Ukiweka nne, tope utapita lakini kona itakuangusha. Na kuinua hakuongezi gurudumu la kusukuma. Ukikwama, utakwama ukiwa juu." Halafu akaninyooshea kidole. "Na watu usiweke juu ya mzigo."

Nikaapa sibebi watu. Nilidanganya. Huku kwetu mama wa samaki husafiri juu ya kreti zake mwenyewe, maana asiyeandamana na samaki wake huwakuta sokoni wamepungua.

Akaniwekea mbili. Sikuridhika, nikaenda kwa mwingine mjini ambaye hakuuliza neno, akapachika vyuma chini ya springi hadi zikafika nne. Nilipopita mtaa wa Obunga vijana walinipigia mluzi, na mimi na mvi zangu nikafurahi. Siku hizi kila mtu anataka kuwa juu kidogo ya mwenzake, mwenye gari, mwenye nyumba, hata mwenye kiti cha mbele kanisani, na wanaotuinua hawatuulizi tumebeba nini. Ukimpata anayeuliza, mjibu ukweli. Mimi nililijua hilo nikiwa nimechelewa.

Kona moja ya kuelekea Bondo, magurudumu ya kushoto yaliacha lami. Gari ilirudi chini, lakini kina mama wanne walishamwagika barabarani pamoja na samaki. Hakufa mtu. Mmoja alivunjika nyonga, na hadi leo haendi ziwani.

Nikarudi Nyamasaria kuomba inchi zangu mbili. Fundi akapandisha gari kwenye jeki, akaanza kutoa vile vyuma.

"Omera, ndugu yangu, nani alikufungia hii takataka?"

Nikainama kuokota kile alichokwisha kukitupa chini.

"Watu wanasema ulimwaga mama barabarani. Ni uongo, sivyo? Uliniambia hubebi watu."

"Walikuwa wanne," nikasema. "Huwa nawabeba. Hata siku ile unapima nilikuwa nawabeba."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungekataa kuiinua."

"Ningekataa, ndiyo."

Aliweka spana chini taratibu, akafuta mikono kwenye suruali, akavuka barabara. Nilidhani amekwenda kunywa chai. Nikangoja hadi jua likaanza kushuka, gari ikiwa juu ya jeki, na hakurudi; sikumwona tena akiwa hai.