Filamu Aliyonitafsiria

Shangazi yangu alikuwa jagam, yaani mshenga, na kazi ya jagam kwetu ni kusifu. Akienda kwa kijana humsifu msichana, akirudi kwa msichana humsifu kijana. Hakuna anayemwita mwongo, kwa sababu kila mtu hupunguza nusu ya alichosikia. Shida ni kujua nusu ipi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini aliniletea mwanamume wa Kisumu.

“Karani ya benki, nyathina, mwanangu,” aliniambia. “Anakaa kwa kiti ya kuzunguka.”

Kwa kijana naye alinisifu mimi. Alimwambia nimelelewa kijijini Bondo kwa nyanya yangu, kazi yangu ni jembe, na mambo ya mjini siyajui. Ukweli ni kwamba nililelewa hapa hapa Kisumu, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya familia ya Kihindi ambako mama yangu alikuwa mpishi. Nilitazama kanda za video na mabinti wa nyumba ile mpaka nikaweza kugombana kwa Kihindi. Jembe nililijua kwa sura tu. Lakini wakati ule msichana wa mjini alihesabiwa kuwa ameharibika, kwa hiyo shangazi akanionya nifunge mdomo hadi ng'ombe wa mahari wafike.

Mdomo niliufunga. Hata hivyo nilikuwa na sharti langu moja. Baba yangu alimwambia mama kwamba hajaoa, na mama akaujua ukweli siku mke mkubwa alipobisha hodi akiwa na watoto. Mimi niliapa kwamba atakayenioa ataniambia ukweli wake mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla sijakubali.

Kijana alikuja kututembelea mara kadhaa. Alikuwa mrefu, ana mwanya, na kila mara alivaa koti tofauti, zuri kuliko la kwanza. Alikunywa chai yetu akalalamika jinsi kiti kile cha benki kinavyomuumiza mgongo. Halafu Jumapili moja nikaliona koti lake la kahawia kanisani, limevaliwa na mwalimu wa kwaya. Nikamuuliza amelipata wapi. Akasema soko la Kibuye, kwa jamaa mmoja mrefu mwenye mwanya, aliyemwapia kwamba halijavaliwa hata siku moja.

Kuuza mitumba si aibu. Mitumba ndiyo iliyonivisha tangu utotoni. Kilichoniuma ni kile kiti.

Shangazi alitaka jibu Jumapili iliyofuata. Jumamosi, kijana akanialika sinema ya mchana. Ilikuwa filamu ya Kihindi, isiyo na maandishi chini.

“Usijali,” aliniambia. “Customer wetu wengi ni Wahindi. Mimi nitakuelezea yote.”

Ilikuwa filamu ya mapenzi na vichekesho, kuhusu dereva anayejifanya mwenye gari ili apendwe na binti wa tajiri. Kijana alininong'oneza tafsiri tangu mwanzo, bila kusita. Mama wa dereva alipolalamika kwamba dengu zimeungua, nikaambiwa anaomba mvua. Binti alipouliza saa, nikaambiwa anaapa kumpenda milele. Mzee mwenye kilemba aliyeketi mbele yetu aligeuka, akamtazama kijana kwa muda, kisha akarudi kwenye filamu yake.

Hatimaye dereva akachoka na uongo. Akasimama mbele ya binti, akasema gari ni la bosi, na yeye ni dereva tu. Nililisikia kila neno. Kando yangu pakawa kimya. Nikadhani tafsiri imemwishia.

“Anasema yeye si karani,” alinong'ona kijana.

Katika filamu ile hapakuwa na karani.

“Anasema iko na kibanda Kibuye, anauza makoti. Hii amevaa leo, kesho itauzwa.” Akaivuta kola ya koti. “Anasema jagam ndio alianza hiyo maneno ya benki, na yeye akaona vizuri, akanyamaza.”

Nilimpenda hapo hapo, kwenye kiti kilichochanika, na machozi yakanitoka. Kwenye skrini binti alikuwa anamzaba dereva kofi.

“Na msichana anasema nini?” niliuliza.

Aliliangalia lile kofi.

“Bado anafikiria.”

“Hapana,” nikasema. “Anasema dereva ni mbwa, asikanyage kwao tena.”

Akageuka polepole.

“Kumbe unajua Kihindi?”

“Kuliko jembe,” nilimjibu.

Mzee mwenye kilemba alicheka peke yake, mahali ambapo filamu haikuchekesha.

Lakini gizani kila mtu ni jasiri. Kesho yake, kabla ya kumwona shangazi, nikaenda Kibuye. Nilimkuta kwenye kibanda chake, ameliinua koti la jana mbele ya mteja.

“Haki ya Mungu, hii haijavaliwa hata...”

Akaniona. Mkono ukashuka.

“Imevaliwa,” akamwambia mteja. “Jana. Nilienda nayo sinema.”

Mteja alilinusa koti, akalirudisha, akaenda kibanda cha jirani. Jioni nilimwambia shangazi nimekubali, naye akafurahi kwamba nimepata mtu wa benki.

Koti lile halikupata mnunuzi. Alilivaa siku ya harusi yetu.