Kitambaa cha Goti la Hatibu

Wewe cheka tu. Wamecheka wengi kabla yako na mguu wangu haukurudi. Mimi sikusoma, niliishia darasa la nne, kupamba maneno sijui. Nayaandika haya kama yalivyonipata, na walionifanyia nawataja kwa majina yao. Wakitaka waje wanishtaki. Mtu ameshakaa chini, utamwangusha wapi?

Kazi yangu ilikuwa ukwezi. Minazi ya Makorora, ya Mwambani, hadi ya kule Kigombe, yote imenijua. Mkwezi anaishi kwa magoti yake. Mikono inashika tu, miguu ndiyo inayokupandisha. Kwa hiyo nilipojiunga na klabu ya jogingi pale mtaani, vijana walicheka kuona mtu mzima wa miaka arobaini na ushei amevaa kaptura. Hazikupita wiki nyingi wakawa wananiona mgongo.

Mwaka huo klabu ilitaka kupeleka wakimbiaji kwenye marathoni huko bara, kwenye milima. Nafasi ya sisi watu wazima ilikuwa moja, na tuliokuwa tukiigombea ni wawili: mimi na Hatibu Mbwana.

Hatibu ni muuza pweza. Ukipishana naye gizani unamjua kwa harufu kabla hajakusalimu. Alikuwa mwepesi, sikatai, lakini goti lake la kulia lilijaa tangu mfungo wa Ramadhani na halikupungua. Alichuliwa, alichanjwa, alikunywa mizizi, wapi! Hata hivyo mazoezini haachi kuja. Anafika anachechemea, anakaa juu ya jiwe, anatutazama miguu. Sasa mtu goti limekufa, kila siku anakuja mazoezini kutazama nini? Mimi wakati ule sikujiuliza. Jiulize wewe.

Siku moja kocha wetu, Semboja, Mbondei mmoja wa Muheza, akasema lami ya Tanga imelala kama mkeka, haitatufundisha milima. Akachagua njia ya porini: tuanzie Kiomoni, tushuke hadi mto Mkulumuzi, tuvuke kwa mawe, tupande kilima cha upande wa pili, tupite shamba la mkonge lililoachwa, tutokee barabara kubwa. Kila mtu aende peke yake, mmoja akipotea machoni ndipo mwingine aanze. Ili tusipotee, alikuwa amekwenda jana yake kufunga vitambaa vyeupe kwenye miti, alivyochana kutoka shuka kuukuu la mkewe.

"Kocha, huyu mkwezi mweke mwisho," Hatibu akasema. "Ana pumzi za punda. Akitangulia atawavunja wenzake moyo."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, mjinga nisiyejua ninachochekea.

"Na wewe utakimbia na goti hilo?" nikamuuliza.

"Mimi napanda bodaboda nikawangoje barabarani. Wewe angalia njia yako, yakhe. Huku hakuna mnazi wa kukumbatia. Ukiteleza, unateleza na roho."

Nikawa wa mwisho. Jua lilikuwa limeshachomoza, usidhani nakusimulia mambo ya usiku na usingizi. Nilishuka mpaka mtoni, nikavuka, nikaanza kupanda. Niamini, ile si njia ya binadamu. Mawe yake ya chokaa yana meno, unakanyaga kwa vidole huku unashika mizizi. Nilipofika juu kifua kilikuwa kinawaka, na mbele yangu njia ikagawanyika mara mbili.

Kulia sikuona kitu. Kushoto kulikuwa na kitambaa cheupe, kimefungwa vizuri kwenye kijiti. Nikashika kushoto. Mbele kidogo nikakuta kingine, chekundu. Nikasema shuka la Kocha limeisha, kachana na kanga. Nikakimbia. Mbele tena nikakuta cheusi, kipande cha kaniki.

Mtu yeyote wa pwani yetu anajua cheupe, chekundu na cheusi vikikaa pamoja ni alama ya kazi gani: uchawi. Hata mtoto anajua, hapiti hapo, anarudi kinyumenyume huku anasoma dua. Lakini mkimbiaji aliyeambiwa afuate vitambaa anafuata vitambaa. Na aliyenitegea alilijua hilo. Angenitegea kwa hirizi au kwa nazi iliyovunjwa ningeruka nikaenda zangu. Alinitegea kwa ile ile alama niliyotumwa kuitafuta.

Hapo ndipo nilipomwona mtu mbele yangu, anakimbia katikati ya mkonge. Fulana ya njano, kichwa kile kile chenye upara wa kisogoni. Hatibu! Goti la kulia limefungwa kitambaa cheusi. Anachechemea lakini anakwenda. Nikasema, ahaa, kumbe alitudanganya, anajaribu mguu kwa siri. Nikaongeza mwendo. Chini palijaa majani makavu ya mkonge, ukiyakanyaga yanalia kama papa mkavu anayevunjwa. Miguu yangu nilikuwa naisikia. Yake siisikii.

"Hatibu!" nikaita.

"Labeka," akajibu.

Nikashtuka kidogo. Mwanamume mzima, tena rika langu, ananiitikia labeka kama mwanamke anayeitwa na mumewe? Nikadhani utani wake. Akasimama, amenipa mgongo, mguu mmoja juu kama korongo. Nikafika karibu kabisa. Hapo nikaona jingine. Hatibu, muuza pweza, hanuki chochote. Wala samaki, wala jasho, wala sabuni. Ni kama kusimama mbele ya ukuta.

"Nifungue, yakhe," akasema, bado hajageuka. "Kimenibana."

Ungefanyaje wewe? Mwenzako ana maumivu, anakuomba umfungue kitambaa. Nikapiga magoti. Lile goti lilikuwa baridi, baridi ya samaki aliyelala kwenye barafu. Kitambaa kimelowa, na mafundo yake yamepandana moja juu ya jingine. Mikono yangu imezoea kamba za nazi, haishindwi na fundo. Nikafungua moja baada ya jingine mpaka kikaniishia mkononi.

"Haya, nimekuachia," akasema.

"Haya," nikamwitikia.

Basi. Neno moja la adabu, hilo hilo tunaloambizana kutwa nzima. Yule mtu akaondoka mbio, miguu yote miwili sawa, akapanda mawe kama mbuzi, na hakugeuka hata mara moja. Uso wake mpaka leo siujui. Nikabaki na kaniki mbichi mkononi. Nikaitupa mbali mkongeni, nikasoma nilichojaliwa kukijua, nikarudi mbio hadi njia panda. Safari hii kulia nikaviona, vitambaa vyeupe vya shuka vinapepea, kila mti na chake. Vilikuwa wapi mwanzo?

Nilipotokea barabarani niliwakuta wenzangu wameshapoa, wanakula mihogo. Na Hatibu yumo! Amekaa ubavu kwenye kiti cha bodaboda, fulana ya njano, kavu kabisa.

"Umekawia, mkwezi," akasema. "Ulisimama kuangua madafu?"

"Hatibu, wewe ulikuwa porini sasa hivi."

"Mimi?" Akawatazama wenzake. "Jamani, nimetoka hapa?"

"Tangu tufike hajanyanyuka huyu," Kocha Semboja akajibu. "Hata muhogo tumempelekea."

Ndipo akanyanyuka. Akashuka kwenye pikipiki, akatembea kunijia, hatua moja, ya pili, ya tatu, sawasawa kama askari. Hakuna kuchechemea. Watu wakapiga makofi, wakamuuliza dawa aliyotumia ni ya fundi gani. Akacheka, akasema miguu ni ya Mungu. Mimi nilikuwa namtazama goti. Lilikuwa jembamba. Na langu, pale pale niliposimama, likaanza kupwita.

Kufika jioni lilikuwa limejaa. Mke wangu, Mwajuma, alichukua kaptura kuifua, akaniuliza, "Baba Asha, hiki kitambaa cheusi umekitoa wapi?" Nikakiona mkononi mwake, kimelowa vile vile. Nilikitupa mkongeni kwa mkono wangu mwenyewe, nakuapia. Nikamwambia akitupe jalalani. Asubuhi niliamka kimefungwa gotini pangu, mafundo yote mahali pake.

Nikamuuliza Mwajuma kama kuna mtu aliyeingia nyumbani siku zile. Akafikiri, akasema, "Bi Zaina, mama yake Hatibu. Alikuja kuomba nazi. Mazungumzo yakaenda, akaniuliza marehemu mama yako alikuwa anaitwa nani. Alisema anataka kumtia kwenye dua."

Dua! Mtu wa pwani akikuuliza jina la mama wa mumeo, wewe unampa na nazi juu? Mtu harogwi ila kwa jina la mama yake. Lakini sikumgombeza. Mwajuma ana moyo mweupe, na watu wenye moyo mweupe ndio milango wanayopitia wengine.

Hospitali walipiga picha, mfupa mzima, hakuna kitu. Wakanipa vidonge vya maumivu. Fundi mmoja wa uganga kule Duga, mtu wa Kidigo, alilitazama goti kwa mbali, hakunigusa.

"Ulikifungua kwa mkono wako?" akauliza.

"Ndiyo."

"Akakwambia amekuachia, nawe ukaitikia?"

"Niliitikia haya."

Akatikisa kichwa. "Basi hukuibiwa, ulipokea. Mwenyewe hawezi kukifungua. Kinafunguliwa na mkono wa mtu mwingine mwenye miguu mizima, akaitikia. Hapo kinakwenda naye."

Hata huyo fundi simwamini. Alijuaje maneno yale bila mimi kumwambia? Na Kocha Semboja simwachi. Anasema aliyefunga vitambaa ni yeye, na njia ya kushoto hajawahi hata kuiona. Basi kwa nini alikubali haraka vile mimi niwe mwisho, nisiwe na mtu wa nyuma yangu wa kushuhudia? Hatibu Mbwana, mama yake Bi Zaina, na Semboja. Hao watatu. Nimewataja.

Hatibu ndiye aliyekwenda marathoni. Alirudi na medali shingoni, akapita nayo mtaa mzima. Mimi minazi nimeiacha, wanakwea wengine, nakaa chini nafua makumbi ya nazi walizoziangua. Kila asubuhi klabu inapita mbele ya kibaraza changu, na yeye yumo, anapaza sauti, "Shikamoo, mkwezi!" Rika langu ananipa shikamoo, kwa kuwa nimeshika fimbo. Nimejaribu kumwita asimame. Hasimami. Ananisalimu akiwa mwendoni, na mkono hajanipa tangu siku ile.

Usiku maumivu yakizidi, Mwajuma hunyoosha mkono alifungue lile fundo la juu. Anajua alichosema fundi, na bado anataka. Mimi huusukuma mkono wake. Watoto wangu nimewakataza hata kunisogelea mguu. Hao ni wangu, siwezi.

Lakini wewe unayesoma hapa si mke wangu wala si mwanangu. Mimi ni Mwislamu, najua la haki na lisilo la haki, na mpaka leo sijamwomba mtu. Ila goti likiniuma alfajiri hujikuta nimekaa kando ya njia, nawatazama mnavyopita na viatu vyenu vya mbio, na mdomo unataka kuomba wenyewe. Kwa hiyo nakuonya mapema, nikiwa bado na akili zangu. Ukimkuta mtu ameinama njiani, ameshika goti, anakuomba umfungue, usimwonee huruma. Na kama mtu huyo ni mimi, usisimame hata kunisalimu. Pita.