Ukurasa wa Kwanza wa Emérence

Mimi ni Zacharie, fundi mécanicien wa magroupe, zile mashini za essence za kutoa umeme, na kinywa changu kiko mukali. Bulengera yote, hapa Butembo, inajua. Wiki iliyopita nilimufukuza mutu mu atelier yangu juu alisema Emérence anakawia. "Karatasi mbili tu, siku ine! Mbele alikuwa anazimaliza kwa saa moja." Nikamuambia: toka! Toka mbele nikurushie spana ya kumi na saba. Mais hakukosea. Emérence Kyakimwa anakawia kweli. Mwenye anataka kujua juu ya nini, asikilize.

Secrétariat yake, ofisi ya kuandikia batu makaratasi, iko pembeni ya atelier yangu. Bacommerçants ba Butembo banaleta mamashini kutoka mbali, na kitabu cha maelezo chenye kuwa mu carton kiko mu Kichina. Mukulima wa Kayna atakisoma namna gani? Donc banamuletea Emérence. Anauliza mafundi, anaandika karatasi mbili za Kiswahili, anapiga photocopie, banaziweka mu carton.

Alianza na mabatterie ya umeme wa jua ya boutique ya Sikuli. Kisha mwingine akaja na radio, mwingine na congélateur ya barafu, mwingine na pompe ya kupulizia dawa mu shamba. Akaona maneno inarudia. Kila mashini haitaki mvua, haitaki mikono ya maji, haitaki batoto. Akaniuliza: "Zacharie, juu ya nini niandike kitu kimoja mara kumi?" Basi akachukua ukurasa wa kwanza wa batterie ya Sikuli, akaufanya wa mashini zote. Boutique ikibadilika, anabadilisha jina lenye kuwa juu. Ukurasa wa pili njo ulikuwa unaeleza mashini yenyewe.

Ulikuwa muzuri, siwezi kudanganya. Bamama balikuwa banaubandika ku ukuta, pembeni ya kalendari ya parokia. Na mustari wa tano ulikuwa unasema hivi: "Weka mashini ndani ya nyumba na ufunge mulango, mvua na wezi visiifikie." Kwa batterie, neno la akili kabisa.

Mwaka jana Zorobabel akafungua boutique ya magroupe. Akamuomba Emérence karatasi. Nilikaa naye, nikamueleza essence, mafuta ya moteur, kamba ya kuvuta, yote. Akasema: "Kaka Zacharie, soma zote mbili mbele nipige photocopie." Ukurasa wa pili nilisoma neno kwa neno, hata alama za virgule nilizikosoa. Wa kwanza nikaupita. Tulikuwa tunaujua kama sala ya Baba Yetu, na Baba Yetu mutu anaisema na akili iko ku soko.

Kisha siku moja, asubuhi, bakaniita kwa baba moja hapa hapa Bulengera, groupe yake inazimika ovyo. Nafika, naikuta mu salon! Dirisha imefungwa, moshi imejaa mpaka juu ku plafond. Nikaizima, nikapiga kelele: "Weye mujinga, unataka kuzika familia? Nani alikuambia uweke groupe mu nyumba?" Yule baba akanyoosha kidole ku karatasi ya Emérence, imebandikwa ku ukuta. "Ni ninyi," akasema.

Nilirudi mbio, nikamuwekea Emérence ile karatasi ku meza. Alisoma mustari wa tano. Akaweka mikono ku kichwa. "Yesu Maria. Zacharie, ngapi zimeuzwa?"

Zilikuwa ine. Mbili Bulengera, moja Beni mujini, moja Mbau. Zorobabel akasema: "Nyamaza, mama. Tutabadilisha karatasi polepole, nani atajua?" Emérence akaanza kupiga telefone. Batatu balipokea, na yule baba wa asubuhi ndani yabo, balitoa magroupe inje tukiwa tunabasikiliza. Telefone ya Mbau, ya mutu mwenye kuitwa Jean-de-Dieu, haikupita. Akapiga mara kumi na mbili. Akavaa kitambaa yake ya kichwa, akasema: "Washa pikipiki. Tunaenda."

Barabara ya Mbau, mutu mwenye hana kazi kule haendi. Kipindi hiki batu ba silaha banaua batu mu ile njia, kila mutu anajua. Nilinung'unika mpaka Beni. Kutoka Beni nilikuwa naogopa tu, naisema wazi.

Tulifika kwa Jean-de-Dieu, tukaona bâche, turubai ya kilio, imetandikwa ku mulango, bamama banakaa chini. Kilio. Emérence alishuka mbele sijasimamisha pikipiki vizuri.

Jean-de-Dieu alikufa siku ya Mungu, Jumapili, kisha misa. Kazi yake ilikuwa kuchargia batu matelefone, mu chumba kidogo cha pembeni. Mvua ilinyesha, akafunga mulango, akakaa na groupe yake. Balimukuta ku kiti, kichwa ku meza. Na juu alikuwa amekunywa kikombe ya kasiksi kwa jirani, Muzee Kahongya mwenye kupika ile pombe ya ndizi, balisema ni sumu. Vijana balimufungia yule muzee mu stock, ghala ya kahawa. Kesho, kisha mazishi, "tutamumaliza". Balituambia hivyo, na sauti ya kawaida kabisa.

Jemima, mujane, alitupokea na heshima. Emérence akamuuliza groupe ilikuwa wapi. Jemima akatuonyesha chumba, na karatasi ku ukuta. "Bwana yangu alikuwa mutu wa kufuata," akasema. "Yote yenye iliandikwa, alifanya."

Nilimuvuta Emérence mukono. Ndiyo, mimi. Nikamuambia polepole: "Twende. Amekwisha kufa. Ukisema, batakumaliza weye." Sijivunii. Akatoa mukono wangu.

Alipiga magoti mbele ya Jemima, batu bote banaona. "Mama, Muzee Kahongya hakumuua. Moshi ya groupe njo ilimuua. Haina harufu ya sumu, mutu analala tu. Na hii karatasi yenye ilimuambia afunge mulango, niliiandika mimi. Ilikuwa ya batterie. Niliiweka ku groupe bila kufikiri."

Nikasikia kinywa changu nacho kinasema: "Na mimi njo nilikuwa wa kuisoma. Sikuisoma."

Kijana moja alisimama. Jemima akamunyooshea mukono, kijana akakaa. Jemima akaenda ku ukuta ya chumba, akabandua karatasi, akamupa Emérence. "Mimi sijui kusoma. Nisomee."

Emérence akasoma. Ku mustari wa tano akashusha karatasi.

"Maliza," Jemima akasema.

Akamaliza, mpaka mwisho, na jina la boutique. Jemima akamugeukia ndugu ya bwana yake: "Mufungulieni Muzee. Mumuombe radhi mbele ya batu." Yule akaenda kufungua.

Jemima akamurudilia Emérence, mwenye alikuwa angali ku magoti. "Magroupe zingine zenye karatasi hii zilikuwa ngapi?"

"Tatu, mama."

"Benyewe bako bazima?"

"Bako bazima bote."

Jemima alipangusa macho na kona ya kitenge. Akasogea ku mukeka, akaacha nafasi.

"Basi kaa hapa. Tumulilie."