Pete Ambayo Hakuna Aliyeiona

Nizomeeni kwanza, kisha mnisome. Mkimaliza, mkitaka mnizomee tena, maana kosa ni langu na ulimi ulioponza ni huu huu wangu.

Mimi ni mwanamke wa hapa Amu, kisiwani Lamu. Nilisoma shule ya jioni nikiwa mtu mzima, na siku ya kuhitimu nilipiga vigelegele mpaka punda wa mji mzima wakakata kamba! Tangu hapo nikawa mtungaji wa mtaa. Harusi haiwi harusi mpaka nije nipige vugo: sisi wanawake tunagonga pembe kwa vijiti, mimi naimba, wenzangu wanaitikia. Na nikimtungia mtu ubeti wa kumsuta, wallahi hata akihamia mwezini utamfuata.

Sasa, kuna mama mmoja hapa anayepeleka wasichana Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Nitamwita Bi Udi, kwa jinsi anavyojifukiza. Akipita asubuhi, mpaka jioni paka wanapiga chafya. Udi wote ule, na uvundo haukufichika!

Alinikuta jikoni nikikuna nazi.

"Bi mtungaji, umesikia ya Salha?"

Salha, si jina lake, ni binti wa jirani yangu Mwana Esha. Bi Udi ndiye aliyempeleka.

"Ana nini?"

"Haya hana! Nimemtia nyumba yenye baridi kama peponi, naye kaiba pete ya bibi wa nyumba, tena amkonyeza bwana. Leo yuwampigia mamake simu, ati apigwa, ati pasipoti kafungiwa. Hebu niambia, mwenye adabu apigwa?"

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka! Msomi mzima, cheti ukutani, nikaona hilo ni swali la maana.

"Mimi sisemi kitu," akasema, akivuta mtandio wake. "Sipendi kusengenya. Lakini Amu nzima hakuna ulimi kama wako."

Basi! Nilinunuliwa kwa sifa, hata leso sikupewa. Mjinga hata bei hana.

Jioni ile palikuwa na harusi. Nikashika pembe:

"Katumwa shika fagio, kashika pete ya bibi,
Leo atupa kilio, ati amwita Rabbi!"

Uwanja ulilipuka. Wanawake waliitikia mpaka nikadhani hata kisiwa cha Kiwayu wanatusikia. Ubeti niliurudia, nikaunogesha: pete moja nikaifanya sanduku la dhahabu. Kutia chumvi ndiyo kazi yangu!

Mwana Esha alikuwa amekaa pale pale mkekani.

Sikujua alikuja kwa nini. Alikuja kuwaomba kina mama wa mtaani wamsindikize kesho yake asubuhi kwa Bi Udi, wakamwambie amrudishe mtoto, na akikataa waende naye polisi. Wote walikuwa wamekubali kabla sijaimba. Baada ya ubeti wangu, asubuhi hakutoka hata mmoja. Nani aongozane na mama wa mwizi? Mwana Esha alisimama peke yake ndiani, njia nzima tupu, buibui limefungwa vizuri, kisha akarudi ndani.

Salha alipopiga simu, mamake alimwambia, "Vumilia mwanangu. Muombe bibi msamaha."

Msamaha wa nini, jamani? Wa wimbo wangu!

Alivumilia mwaka mwingine. Alirudi kwa msaada wa Wakenya wenzake wa huko waliomkuta barabarani. Mkono wa kulia umechomwa kwa pasi, vidole havikunjiki. Aliposhuka gatini, watoto walikuwa wakiruka kamba kwa ubeti wangu.

Alikuja kwangu. Nilijitayarisha kutukanwa. Natukanika mimi, sivunjiki! Hakunitukana.

"Bi, ile pete uliiona?"

"La, mwanangu."

"Kito chake kilikuwa rangi gani? Nataka kujua tu. Mimi sijapata kuiona."



Nikaenda mbio kwa Bi Udi nikamlaumu kwa uwongo wake. Akanijibu bila kuweka chini kikombe cha kahawa:

"Mimi niliimba? Pembe nilishika mimi? Ulimi wako, dhambi yako. Na yeye, nani alimtia ndegeni kwa nguvu? Na mamake, si ndiye aliyemruhusu?"

Mnaona ufundi huo? Aliyechomwa ana kosa, mama ana kosa, mimi nina kosa, pasi nayo pengine ilikuwa na kosa. Safi ni yeye tu! Na pale ukumbini kwake alikaa binti mwingine na mamake, wanakunywa sharubati. Nikawaambia yote, mbele yake. Mama akamshika binti mkono wakaondoka, sharubati nusu gilasi.

Harusi iliyofuata nikaimba tena, nikajitaja kuwa mwongo ni mimi. Pembe zote zikanyamaza. Shangazi wa bibi arusi akaninyang'anya yangu: "Wataka kutuharibia harusi?" Uwongo wangu uliitikiwa na uwanja mzima. Kweli niliiimba peke yangu, na tangu siku hiyo sialikwi. Mwana Esha akiniona hubadili ndia. Ana haki.

Nanyi msidhani mna akili kunishinda. Atawajia mtu kama yule, ananukia vizuri, hasemi kitu, hapendi kusengenya, anawasikitikia tu tabia za binti aliyempeleka mwenyewe. Msicheke. Muulizeni swali la Salha: kito kilikuwa rangi gani?

Mtamuona anavyoanza kutafuta mtandio wake.