Kamba ya Meno Pande Mbili

Ukipita avenue yetu ya Mikelenge, Papa Édouard Tambwe atakusimamisha akuambie kwamba wakati wa vita yeye ndiye aliyewasha Kindu. Atasema Kindu, hatasema nyumba sita. Mimi ninauza nyaya, balbu na priza sokoni, na mtu huyu amekuja kwenye meza yangu miaka zaidi ya ishirini bila kununua kitu kikubwa kuliko balbu. Kwa hiyo niachieni mimi nieleze. Alituwasha, ndiyo. Ila hakukusudia.

Kabla ya vita alikuwa mtunza bohari kwenye reli. Treni ilipoacha kuja kazi ilikufa, lakini bohari ilibaki ndani yake. Sukari aliifungia, sabuni aliikata vipande na kuvipanga kwa ukubwa. Ukimwomba kiberiti alikupa njiti moja, kisha akasimama pale akuangalie unaiwasha, usije ukaipeleka kwako ukaitumia vibaya.

Vita vya pili vilipotufunga pande zote, kila kitu kiliingia kwa ndege, na esanse, yaani petroli, iliuzwa kwa chupa za bia. Umeme wa mji ulikuwa umekufa. Transfo ya avenue watu walishaipasua wakabeba shaba yake, zikabaki nguzo na nyaya za ndege kukalia. Ndipo mchuuzi mmoja aliyekuwa anakimbia akashindwa kupandisha jenereta yake kwenye ndege, na Tambwe akaichukua kwa kumwachia baiskeli. Ilikuwa grupu ndogo, ya kubebwa na watu wawili.

Sasa, kuingiza umeme wa grupu ndani ya nyumba kuna njia yake, na hata wakati ule ilijulikana. Kati ya kontere, ile mita ya umeme, na nyumba unaweka inverseur, kisanduku chenye mkono wa chuma. Mkono ukiwa juu, nyumba inakula umeme wa mji. Ukiwa chini, inakula wa grupu. Hizo mbili hazikutani hata siku moja, na umeme wa grupu yako hautoki kwenda barabarani. Nilikuwa nacho kimoja mezani. Tambwe akakipandisha, akakishusha, akauliza bei, akacheka.

"Kipande cha chuma cha kupandisha na kushusha? Ile kazi mukono yangu inafanya bure."

Akaenda kujitengenezea kamba yenye fishi pande zote mbili, yaani meno huku na meno kule. Meno ya kwanza aliyachomeka kwenye grupu, ya pili kwenye priza ya sebuleni. Ukiichomoa upande mmoja mashine ikiwa inanguruma, unabaki umeshika meno matupu yenye moto. Yeye aliita hiyo akili. Na kwenye ukuta wake waya ulikuwa bado unakwenda kwenye kontere, na kutoka kontere unakwenda kwenye nguzo, kama ulivyowekwa tangu zamani. Umeme hauna adabu ya kusimama mlangoni.

Jioni ya kwanza alivuta kamba ya kuwashia, grupu ikakohoa, balbu ya sebuleni ikawaka. Ng'ambo ya barabara, kwa Mama Geneviève, balbu iliyokuwa imesahauliwa darini nayo ikawaka, nyekundu kama jicho la mlevi. Ikafuata ya jirani yake, na ya jirani wa jirani. Watu wakatoka nje.

"Courant inarudia, bantu ba Mungu. Courant inarudia."

Tambwe naye akatoka, akaona avenue nzima inawaka, akafurahi kuliko wote. Serikali imetukumbuka. Kisha akili ya bohari ikaamka: kwa nini achome esanse yake wakati ya Serikali inakuja bure? Akaingia ndani akazima grupu.

Giza.

Watu wakaguna. Tambwe akaitukana Serikali, akavuta kamba tena. Taa zikarudi, watoto wakapiga kelele, akazima tena kwa ajili ya kubana esanse. Hivyo hivyo, akiwasha na kuzima, mpaka jasho likamtoka. Mkewe, Mama Mounira, alikuwa anakoroga sombe ya majani ya muhogo jikoni, anamwangalia tu. Mwishowe akamwita kwa jina la binti yao, akasema bila kuacha mwiko:

"Baba Yvette, ile Serikali unatukana, njo ile unavuta na kamba."

Kesho yake alfajiri Tambwe alikuwa mezani kwangu anataka inverseur kwa haraka, maana kuangazia nyumba sita bure kulimchoma moyoni. Hata hivyo haraka yake haikufika mfukoni. Tukabishana mpaka jua la utosi, akaondoka akisema nitamtafuta mwenyewe.

Sikupata nafasi ya kumtafuta, maana wiki ile ile askari walipita kukusanya kila kitu chenye moteri. Walisikia mngurumo, waliona taa, wakaanza kuuliza mlango kwa mlango. Kila nyumba ilikuwa na taa. Wakamuuliza Mama Geneviève grupu iko kwa nani.

"Hapa haiko grupu," akasema. "Iko courant ya avenue tu."

"Na ile makelele?"

"Njo mashini ya kusaga muhogo, upande wa kule."

Nyumba zote zilisema vilevile, na yangu pia, kwa kuwa nilikuwa na balbu mbili zinazowaka. Haikuwa mapenzi. Grupu ikienda, giza linarudi kwa wote. Askari wakaondoka, na kuanzia siku hiyo kosa la Tambwe likageuka kuwa mpango. Alisema aliwasha majirani makusudi, kwa mbinu. Akajiita Direkta wa Mwangaza. Akaanza kupokea chupa ya esanse kutoka kila nyumba, na kufokea wenye kuwasha balbu ya pili. Kamba ile ya meno, ikimaliza kazi, aliitundika juu ya kitanda.

Vita viliisha. Grupu ile ikafa, akanunua kubwa zaidi. Kamba ilibaki ile ile. Nyumba kwa wakati huo ililishwa na Mama Mounira. Alikuwa amenunua congélateur, anauza samaki wa baridi na barafu, na Direkta alikuwa anakula samaki hao akieleza bei zake zingekuwa ngapi kama angeshika biashara yeye. Tatizo la mama lilikuwa moja. Congélateur ililala kwa esanse na kuamka kwa esanse, na esanse ilikula faida kabla samaki hajaliwa. Bila umeme wa mji, biashara ile ilikuwa inakwenda kufa, na yeye alijua.

Kwa hiyo nguzo mpya na transfo mpya vilipofika avenue yetu, Mama Mounira alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Aliyekuja kuunganisha nyumba alikuwa Aimé, kijana mtulivu, na alisema jambo moja tu: nyumba yenye grupu iweke inverseur, la sivyo haiungwi.

"Mwanangu," Tambwe akamwambia, "mimi njo nilileta courant kwa hii avenue. Wewe ulikuwa unanyonya. Leo unakuya kunifundisha?"

"Papa, wakati ule laini ilikuwa maiti. Sasa itakuwa na moto, na kuko bantu wenye kupanda juu."

"Nitazima swichi ya kontere mbele ya kuwasha grupu. Kwa mukono yangu."

"Na siku utasahau?"

"Direkta hasahau."

"Basi Direkta abaki na grupu," Aimé akasema, akaenda nyumba inayofuata.

Mama Mounira akaenda kununua esanse nyingine. Nyumba ziliungwa moja moja, na jioni watu walikaa chini ya taa zao mpya wakiangalia giza la Direkta. "Papa, tukuletee njiti moja?" waliuliza, na walicheka vibaya.

Ilibaki nyumba ya Mama Geneviève. Mchana wa kuiunga, Aimé alikata umeme wa transfo ili afanye kazi salama, akapanda ngazi kwenye nguzo yake. Nyaya za zamani zilikuwa bado hazijatolewa, na moja ilitoka kwenye nguzo hiyo kwenda kwa Tambwe. Kwa Tambwe jua lilikuwa kali, samaki walikuwa wanalegea, na Direkta alikuwa ameshachomeka kamba yake na kuvuta. Swichi ya kontere hakuigusa.

Aimé aliweka kipimo kwenye waya kabla ya kuushika. Kikawaka. Alishuka polepole, ngazi kwa ngazi, akakaa chini kwenye vumbi. Akauliza:

"Nani iko na grupu inatembea hapa?"

Watu wote wakanyoosha mkono kwenye lango la Tambwe, na mkono wa kwanza ulikuwa wa Mama Geneviève.

"Unanionyesha miye?" Tambwe akasema.

"Vita iliisha, baba."

Aimé alingoja grupu izimwe, akapima tena, akapanda na kukata waya wa Tambwe, akaukunja begani. "Hii nyumba imetoka hata kwa laini ya zamani," akasema. "Itaungwa siku nitaona inverseur na macho yangu." Tambwe alitoa hotuba ndefu kuhusu historia. Hakuna aliyekaa kuisikiliza, kwa kuwa Mama Geneviève alikuwa anangoja taa yake.

Kesho yake asubuhi Mama Mounira alifika kwangu kabla sijamaliza kupanga meza.

"Shemeji, ile chuma Baba Yvette alikuwa anashika-shika, iko?"

"Iko. Bei ni ile—"

"Ile ni bei ya mutu mwenye kuja kucheka. Nipe bei ya mwenye anakuya kununua."

Tulibishana, na sikuona haya kubishana na mke wa jirani. Biashara ni biashara. Mwisho nilishusha, naye akaongeza samaki mmoja juu. Ndipo akageuza kisanduku akaniuliza kama kina tundu la kufuli. Kilikuwa nalo. Akanunua na kufuli.

Aimé alikiweka mwenyewe, akaiunga nyumba kwenye laini mpya. Mama akapandisha mkono wa chuma, congélateur ikaanza kunung'unika taratibu, bila tone la esanse. Akafunga kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kikwembe. Kamba ya meno pande mbili aliikata kwa panga, kipande kirefu akakifanya cha kuanikia nguo. Tambwe alisema hata yeye alikuwa anafikiria hivyo.

Juzi umeme wa mji ulikatika jioni. Nikapita nikamkuta Direkta amekaa gizani kwenye kiti chake, grupu iko kando yake imejaa esanse, mkono juu ya goti.

"Papa Tambwe, uwashe basi."

"Mama hajarudi kutoka sokoni."

"Na samaki?"

"Samaki inaweza kungoja. Iko baridi ya kutosha."

Mama Mounira akaja na beseni kichwani, akalitua, akafungua kufuli, akashusha mkono wa chuma, akautingisha kuona kama umeshika vizuri.

"Vuta," akasema.

Akavuta.