Nyumba ya Makuti Ukutani kwa Bibi

Haitoki. Nilimwambia hivyo mume wangu tulipohamia nyumba hii ya An-Nasim, Riyadh, na leo nimerudia, maana nimemkuta ameichomoa ukutani apate pa kuweka televisheni. "Picha yenyewe ya Kizungu, tena imefifia," anasema. Nimeirudisha msumarini kwa mkono wangu.

Ungeiona ungecheka. Ni kijiji cha Uingereza: nyumba moja ya ukuta mweupe, paa la majani, moshi juu yake, na malisho ya kijani mpaka ukingoni. Bibi yangu aliinunua sokoni Jeddah kwa sababu ya lile paa. Alikuwa ametoka Unguja msichana, na alipoliona alisema ni makuti, na nyumba ni yao ya shamba.

Basi kwetu Ruwais, mtaa wa huko Jeddah, tulikuwa na nyumba mbili. Moja ya kupanga, yenye unyevu wa bahari na harufu ya mkate wa kumimina, na nyingine ukutani. Kila Ijumaa nilikipangusa kioo chake kwa kipande cha kanga. Si kwa gazeti, maana magazeti ya Kiarabu yana jina la Mungu, na Bibi angenifinya masikio. Nikimaliza, alitugawia vyumba vya mle pichani. Dirisha la kushoto lilikuwa langu. Moshi ule, alisema, ni mama yake anapika muhogo wa nazi. Wenzangu shuleni waliponiuliza kwetu wapi, sikubabaika. Nilikuwa na dirisha.

Siku moja jirani yetu, baharia mstaafu, alikuja kunywa kahawa, akaitazama.

"Bi mkubwa, hapa si shamba. Hapa Uingereza. Nyumba hizi nimeziona kwa macho yangu."

Niliumia, nikamchukia mzee wa watu pale pale. Mpaka leo sijui kama Bibi alikuwa akijua. Alimmiminia kahawa nyingine.

"Wao walikaa kwetu bila ya kupiga hodi," alisema. "Na mie nimekaa kwao. Halas, yamekwisha."

Bibi hayupo tena. Nyumba ya Ruwais imebomolewa pamoja na mtaa wake, na nilipopita juzi sikujua hata jiko letu lilikuwa wapi. Imebaki hii.

Mchana binti yangu alirudi kutoka shuleni akaniuliza kwetu hasa ni wapi. Nimempa kipande cha kanga, nikamwonyesha dirisha la kulia, lililokuwa la Bibi. Televisheni ikae sakafuni.